Wezi wa Kijapani Katika Nyumba ya Eda

Jumatatu, 6 Januari

Uji tena. Mama kanywa vijiko vichache, akageuza uso ukutani. Nimeumaliza mimi, nimesimama jikoni, umeshapoa. Kazini nimechelewa na sikujali.

Baba katutoka Novemba. Tangu hapo mama yumo edani, na eda yake ni ya kupigiwa mfano. Hatoki, hajipambi, nguo nyeupe, msahafu, tasbihi. Hayo hayanitishi. Linalonitisha ni kwamba halii. Hakulia siku ya maziko. Hakulia siku ya arubaini. Hacheki pia, hanung'uniki, hata kunigombeza hanigombezi. Mama huyu huyu aliyekuwa akinigombeza kwa namna ninavyofunga mlango wa friji! Ukimuuliza lolote anakujibu "alhamdulillah", na basi.

Shangazi Thuwaiba kaja baada ya alasiri kama kawaida. Yeye ni dada yake baba, wifi yake mama. Anakaa mbele ya mama na kumtazama machoni kama mtu anayechungulia kisima. Anatafuta machozi. Hayaoni. Anaondoka kafura.

Namtaka mama yangu. Yule wa zamani, mkali, mwenye kelele. Naliandika hapa kwa sababu sina pa kulisema.

Alkhamisi, 9 Januari

Nassor kaja na samaki wa Yiti, kwa wavuvi, na flash. Kwa samaki, ahsante. Kwa flash, sijui. Kaka yangu huyu akipata wazo hulibeba mpaka limwangukie mtu mwengine.

Kwenye flash mna filamu ya Kijapani, ya wezi, ya kuchekesha. Kapewa na Mjapani anayefanya naye kazi. Yeye mwenyewe kaiona mwanzo tu. Ati tumwekee mama, hata asipofuatilia, angalau macho yake yapate pa kupumzika badala ya ukuta. Nikamwambia nyumba ya eda si sinema. Akasema televisheni haijafiwa na mume.

Na kuna jengine. Kwetu filamu hazitazamwi tu, husimuliwa. Mama hawezi kuyafuata yale maandishi ya chini, yanamkimbia. Baba ndiye aliyekuwa akisoma, akitafsiri kwa Kiswahili, na akitia chumvi zake. Wabaya wote aliwapa sauti ya mkubwa wake wa zamani wa kazi. Sasa asimulie nani? Nassor akanitazama mimi. Bila shaka. Kazi ya dada.

Nimesema nitafikiri. Nimeshafikiri. Nitafanya. Lolote kuliko ule ukuta.

Ijumaa, 10 Januari

Ya leo niyaandike yote kabla hayajanitoka.

Baada ya chakula cha mchana nikaiweka. Mama kwenye kochi lake, Nassor sakafuni, Njeri kasimama mlangoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Njeri ni Mkenya, wa Nakuru, anamhudumia mama mwaka wa tatu sasa. Kasema anaangalia dakika mbili tu.

Mwanzo mzuri. Wezi watatu wanaingia duka la sonara. Mkubwa wao mzee mwenye jino la bandia, na wenzake wawili, mmoja mrefu kama nguzo ya umeme, mmoja mnene. Majina ya Kijapani yananigonga meno, nikawaita Babu, Mrefu na Mnene. Wanaiba, na kila wanachochukua wanamwinamia sonara na kumwomba radhi. Sonara naye anawainamia. Nassor anacheka. Mama, alhamdulillah.

Polisi wakawafuata. Mnene katika kukimbia akautupa mfuko wa dhahabu ndani ya gari lililosimama wazi. Gari likaondoka. Kamera ikasogea karibu, nikaona ndani ya gari mna nini.

Jeneza.

Nikamtazama Nassor, kawa mweupe. Lile gari linakwenda nyumbani kwa maiti. Bibi mmoja kavaa nyeusi yuko mlangoni anasubiri. Mjane! Nimemwekea mama yangu, yumo edani, filamu ya mazishi! Nikairukia rimoti, nikaangusha birika, chai ikamwagika kwenye zulia.

"Wacha," kasema mama.

Neno la kwanza ambalo si alhamdulillah.

Akauliza, huyo ni kizuka mwenzangu, kafiwa na mume? Nikamwambia ndiyo mama, mumewe kafa jana. Akauliza, mbona yuko peke yake, wako wapi watu wa matanga? Nikasema sijui, hawajaja. Akasema, basi hebu tumwone masikini ya Mungu.

Hawakuja watu wa matanga. Walikuja wezi. Mfuko umeangukia ndani ya jeneza, na hawana njia ya kuipata dhahabu ila kuingia na kujifanya wamekuja kumzika rafiki yao. Bibi wa watu kafurahi! Kawatandikia, kawapa chai, kawakalisha mbele ya jeneza. Wajapani wenyewe wanakaa kwa kupiga magoti, muda mrefu, na Mrefu miguu imemfa ganzi. Alipoitwa kwenda kutia ubani akasimama, hana miguu, akaanguka navyo vyote: maua, mishumaa, picha ya marehemu. Njeri kapiga ukelele. "Woiye! Aki huyu amejimaliza!" Zile dakika zake mbili zikaishia hapo, akakaa chini.

Kisha Mnene akaona lazima alie. Hajui kulia. Akajaribu. Sauti ikatoka kama mbuzi aliyefungiwa stoo. Akatazama kama watu wanamwona, akaongeza.

Na mama akacheka.

Mwanzo sikujua ni nini. Nilidhani amepaliwa. Halafu nikamwona kajishika ubavu. Akasema, ndivyo hivyo hivyo alivyolia yule mwanamke wa siku ya pili ya matanga, yule wa buibui la nakshi, kisha akaniinamia mimi mwenyewe kuniuliza nani kafa! Akacheka tena, mpaka machozi. Ya kicheko, si ya kilio, lakini ni maji usoni mwa mama na mimi nimeyaona.

Tukafika mwisho. Siutaji, maana naona tutaiona tena.

Jumamosi, 11 Januari

Mama kala! Wali, samaki wa Nassor, achari. Kaomba ukoko. Njeri kaja jikoni kunionyesha sahani kama mtu aliyeshinda kombe.

Na mchana kauliza, wale wezi wetu wako wapi?

Tumeiona mara ya pili. Ajabu ni kuwa kila mtu ana filamu yake. Njeri anangoja Mrefu aanguke, na hata anapojua anaanguka wapi bado anapiga ukelele. Nassor anatueleza kwamba hii inahusu upweke wa miji mikubwa. Hakuna aliyemuuliza. Mama kamwambia nyamaza, wanaingia. Mimi nampenda Babu, anavyoiba biskuti za matanga na kuzitia kwenye mkono wa kanzu yake.

Mama anamtazama bibi tu. Anamsemesha. "Usimpe chai huyo, anakutazamia jeneza." Walipofika pahala marehemu anapelekwa kuchomwa, kama wanavyofanya wenyewe, mama akashika kifua. Wanamchoma? Kwa kosa gani? Nikamweleza ndio desturi yao. Akafikiri, akasema kila watu na wao, lakini mimi mnizike.

Nimelala vizuri leo, mara ya kwanza.

Jumanne, 14 Januari

Siku mbaya. Mbaya kabisa.

Ilianza kwa uzuri. Jirani yetu Bi Asya na binti yake walikuja kumwona mama. Nikaenda kupika kahawa. Niliporudi nimekuta televisheni imewashwa na mama ndiye anayesimulia! Mimi hanihitaji. Maandishi hayasomi lakini filamu ameshaihifadhi, na pale asipokumbuka anatunga. Wezi kawapa ukoo. Bi Asya kajilaza juu ya mto, hoi. Njeri anafuta macho kwa kanga ya kushikia sufuria. Kelele zetu zimefika barabarani, nina hakika.

Zimefika, maana Shangazi Thuwaiba alizikuta getini.

Hakuna aliyemsikia akiingia. Nilipogeuka yuko mlangoni, bakuli la mbaazi mkononi. Kwenye televisheni Mnene analia kama mbuzi mbele ya jeneza, na mama yangu, mjane wa kaka yake, kajishika mbavu.

Kasema maneno machache. "Kaka yangu kaburi lake halijakauka. Na nyumbani kwake mnacheka maiti." Akaliweka bakuli juu ya meza taratibu, wala hakulitupa, afadhali angelitupa. Akaondoka.

Bi Asya na binti yake wakavaa mabuibui yao bila ya kuaga vizuri. Mama akasimama, akazima televisheni, akauchomoa na waya ukutani. Akenda chumbani kwake.

Mbaazi hakuna aliyezigusa.

Jumatano, 15 Januari

Alhamdulillah. Alhamdulillah. Alhamdulillah. Siku nzima hilo tu. Na ukuta.

Nina hasira na shangazi. Nina hasira na Nassor na flash yake. Nina hasira na Bi Asya, kicheko chake kama honi ya lori. Nina hasira na mimi.

Njeri kaniuliza, dada Raiya, kwani kwenu ni haramu kucheka? Nikamwambia si haramu. Akasema, "Basi mbona mama kabira anajiadhibu?" Mama kabira, yaani mama mkubwa, ndivyo anavyomwita mama. Nikamwambia akatandike vitanda. Vilikuwa vimeshatandikwa.

Ijumaa, 17 Januari

Nimekwenda kwa shangazi, Al Khuwair. Nimejitia moyo njia nzima. Nilipanga kuomba radhi.

Kanipa kahawa, kanipa halua, hakunipa maneno. Tukakaa. Nikaomba radhi. Nikasema filamu nimeiweka mimi, mama hana kosa. Ndipo alipofungua mdomo.

"Mama yako hajamlilia kaka yangu. Sijaliona chozi lake hata moja, nnakwenda kila siku na nnatazama. Sasa nnamkuta anacheka. Unataka nifahamu nini, Raiya? Niambie wewe uliyesoma."

Lo! Kumbe ndilo hilo. Siku zote hizi ndilo alilolikalia. Na baya zaidi, nilimfahamu. Ni kaka yake wa pekee.

Lakini mimi nikikasirika ulimi unanitangulia. Nikamwambia machozi ya mtu hayapimwi kwa kibaba, na kwamba kama anataka kuhukumu filamu aje aione kwanza, asihukumu kwa kelele za getini. Akasimama. Na mimi nikasimama. Hakuniambia toka, ila alikusanya vikombe, na kahawa yangu sijaimaliza.

Nimelia? Hapana. Nimeendesha gari.

Jumapili, 19 Januari

Gari lina mlio. Nimelipeleka gereji, mtaa wa Ghala, nikakaa kwenye kiti cha plastiki baina ya matairi. Nassor akanipigia simu, kafurahi huyo. Kamuuliza sheikh! Sheikh kamwambia kizuka haruhusiwi kujipamba, kujitia manukato, kutoka bila dharura wala kuposwa, lakini kucheka hakuna aliyemkataza. Kaongeza kwamba watu waangaliane nyoyo zao.

Nikamwambia vizuri, tutafikiri tumwambie vipi shangazi. Akasema ameshamwambia. Kampelekea ujumbe wa sauti. Dakika saba. Na aya kaziweka.

Ya Rabbi. Mtu kafiwa na kaka yake, kavunjika moyo, halafu mtoto aliyembeba mgongoni anamsomesha dini kwenye simu! Nikamuuliza lile la kuangaliana nyoyo umemwambia? Kasema hilo alilisahau.

Shangazi hajajibu. Hajaja tangu Jumanne ile. Mama hasemi, lakini kila ikifika alasiri anatazama mlango.

Jumatano, 22 Januari

Mama kanywa maji tu leo. Daktari kaja, kasema mwili hauna kitu. Najua hauna kitu. Kitu hakimo mwilini.

Namwogopea. Nalisema wazi hapa: naogopa atamfuata baba, na atamfuata kwa adabu, bila ya kumsumbua mtu.

Alkhamisi, 23 Januari

Usiku mkubwa sasa. Nitaandika hivyo hivyo.

Kengele ya geti baada ya alasiri. Shangazi Thuwaiba. Miwani shingoni, mto wake wa mgongo kwapani. Salamu kavu. Kasema, "Nimekuja kuona. Nisije nikaulizwa kesho kwa nini nimehukumu nisichokiona." Akakaa kwenye kochi la baba. Hakuna aliyelikalia tangu Novemba.

Kisha akaita kwa sauti mpaka chumbani: "Na wewe wifi! Njoo ukae. Nnataka nikuone unavyocheka."

Mama akaja. Mweupe kama nguo zake. Akakaa kwenye ncha. Nikauchomeka waya. Njeri kajificha jikoni, lakini mlango kauacha wazi. Nikaanza kusimulia kwa sauti ya mtu anayesoma khabari za kifo.

Wakaiba. Wakainama. Shangazi hakuna kitu usoni. Wakafika nyumba ya matanga, wakavua viatu mlangoni, akasema, "Hata wezi wao wana adabu." Hilo tu. Mrefu akaanguka na mishumaa yote. Jikoni Njeri aliiuma kanga, nilimsikia. Shangazi jiwe. Mnene akalia kama mbuzi. Mama kainamisha kichwa. Mimi nataka ardhi ipasuke.

Tukafika pale jirani wa yule bibi, askari mstaafu, anapoingia na kuwatilia shaka. Anamkabili Mnene. Wewe ni nani wa marehemu? Mnene anageuka huku, anageuka huku, jasho linamtoka. Anasema, mimi mwanawe.

Bibi hana mtoto. Hajazaa. Anaiweka bilauri yake chini. Kisha anamwambia, umechelewa, kaa ule.

Nikasikia mlio. Kama mtu anayekabwa. Nikageuka, nikamwona shangazi kajifunika uso kwa mtandio na mabega yanaruka. Njeri akatoka mbio na maji. Nikasema basi, tumemuua na yeye.

Alikuwa anacheka. Shangazi Thuwaiba! Kacheka mpaka miwani ikaanguka. Anataka kusema neno, haliendi. Anamwonyesha Mnene kwa kidole. "Huyu... huyu ni kaka yangu! Wallahi ni yeye!"

Tulingoja apumue. Kisha akatutolea siri aliyoifungia tangu utoto.

Unguja, mtaa wa Malindi, kabla ukoo haujavuka bahari kuja huku. Baba ana miaka kama kumi, yeye ananyonya kidole bado. Kila penye khitma, kisomo cha maiti, baba humshika mkono wakaenda, wawajue wasiwajue, kwa ajili ya pilau. Baba aligundua kwamba anayelia sana huongezwa nyama. Basi akawa bingwa wa kulia. Siku moja kaingia nyumba ya tajiri mmoja, kalia mno, kapita mpaka. Mzee mmoja akamhurumia, akamuuliza, mwanangu, wewe ni nani wa marehemu? Baba mdomo umejaa nyama. Akasema, mimi mwanawe.

Marehemu alikuwa na mke mmoja, na watu wote wanajua hivyo. Khabari ikafika uani kwa kizuka kabla baba hajameza. Kizuka akainuka na eda yake! Akamtukana marehemu kwa jina, mbele ya watu wa khitma, akataka kujua huyo mwanamke mwengine ni nani na yuko mtaa gani. Ndugu wa marehemu wanamzuia, sheikh anasoma kwa sauti kubwa ili matusi yasisikike, na baba kamshika dada yake mkono wanapita chini ya meza, wanatokea uchochoroni. Na mkononi mwake mna paja la kuku. Akamlisha kiapo: hutomwambia mtu mpaka nife.

"Basi kafa," kasema shangazi. "Nimesema."

Sote tulikuwa chini. Njeri kalala kifudifudi. Mimi mbavu zilinikata. Mama alicheka kuliko sote, anapiga paja, anasema huyo, huyo, ndiyo maana alikuwa hapitwi na khitma mume yule, mimi nnasema ucha Mungu kumbe nyama! Miaka yote hiyo hakuniambia! Mngoje, leo akija nnamuuliza...

Akasita.

Mkono ukabaki juu. Akamtazama shangazi. Akasema taratibu, "Nnataka kumuuliza, wifi. Nnataka kumuuliza mwenyewe."

Ndipo alipolia. Sijapata kusikia kilio kile. Kilitoka miguuni. Shangazi akateremka kochini, mtu mzima na magoti yake yale mabovu, akamkumbatia pale pale kwenye zulia, wakalia pamoja, wameegemeana vichwa. Shangazi anasema, "Lia, mwanamke mwenzangu, lia, nnakushika." Filamu inakwenda yenyewe, hakuna anayeisimulia. Wezi wanamfukuza mtu kwenye mvua.

Njeri aliizima. Alinishika mkono akanitoa, tukakaa jikoni, yeye na mimi. Akanipikia chai ya maziwa ya kwao, sukari tele.

Ijumaa, 24 Januari

Macho ya mama yamevimba kama maandazi. Kaamka na njaa. Kamgombeza Njeri kwa chumvi. Njeri kapokea matusi kama zawadi.

Shangazi kalala hapa. Kasema filamu ni upuuzi mtupu, watu wazima hawana kazi, na kwamba jana hakuuona mwisho. Tukaiweka tena baada ya sala. Nassor kaja, kakaa nyuma, hakueleza kitu. Anamwogopa shangazi. Ana haki.

Mwisho wenyewe ni kwamba wezi hawakuupata mfuko jenezani. Bibi aliutoa usiku wa kwanza, akauficha kwenye sufuria ya wali. Aliwajua kuwa ni waongo tangu walipovua viatu. Anawaambia, nilikujueni, lakini mume wa mtu asizikwe bila ya watu. Anawarudishia mfuko kwa sharti waupeleke wenyewe kwa sonara, na warudi kwake siku ya kumkumbuka marehemu, maana hata wao wana siku yao kama arubaini yetu. Wanarudi. Polisi wamewafuata mpaka mlangoni, wamesimama nje kwenye mvua, wanangoja kwa heshima mpaka watu wamalize kula.

Shangazi kasema bibi yule ana akili kuliko serikali. Mama kasema ila wali wake ungekuwa na ladha ya dhahabu. Wakabishana hilo mpaka magharibi.

Jumapili, 2 Februari

Nimerudi kazini mapema. Nyumba imetulia. Shangazi kenda kwake kuchukua nguo, anahamia kwetu mpaka eda imalizike. Njeri kapumzika.

Mama alikuwa baraza ya ndani, kwenye jamvi, jua la alasiri limefika miguuni mwake. Kaniita. Nikadhani anataka kitu. Nikauliza dawa, maji, simu? Akasema kaa.

Nikakaa. Akanitazama muda. Sijatazamwa hivyo siku nyingi.

"Na wewe, mwanangu? Wewe umemlilia lini baba yako?"

Nikaanza kumwambia kwamba mambo yalikuwa mengi, maziko, wageni, dawa zake, kazi. Nikamwambia mimi sijambo. Akanivuta kichwa akakilaza mapajani mwake, kwa nguvu, kama zamani nilipokuwa nikikataa kusukwa. Sikumaliza sentensi.

Nililia mpaka jua likahama. Hakuninyamazisha. Alikuwa akinipitishia vidole kichwani na kunung'unika kwamba nina mvi, kwamba nimekonda, kwamba hakuna anayeniangalia katika nyumba hii. Kesho ataingia jikoni mwenyewe. Nikasema sawa, mama.